Udongo Uwahi Ungali Maji: Mzazi na Mwanawe Katika Mbio za Tope

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wazee wetu walisema: udongo uwahi ungali maji. Methali hii tumeizoea katika nasaha za harusi na mawaidha ya malezi, hata tumekaribia kusahau kwamba ndani yake mna udongo wa kweli, wenye kulowa na kushika mkono. Udongo ukisha kukauka haukubali tena kufinyangwa; ukiulazimisha hupasuka. Leo nataka kuirudisha methali hii mahali ilipotoka, yaani topeni. Nitazungumza na wazazi wenzangu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona la kitoto: mzazi kuingia katika mbio za tope na vikwazo pamoja na mwanawe. Naomba msomaji anivumilie mpaka mwisho, kwani nyuma ya tope hili pana jambo zito.

Tope la kulipia

Jamaa zetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hutuletea picha za mashindano ambayo mtu akiyatazama mara ya kwanza hustaajabu. Watu wazima, wengine madaktari na wengine makarani, watambaa chini ya nyavu, wapanda kuta za mbao, wavuka madimbwi na kutoka wakiwa hawatambulikani kwa tope. Huko Uingereza mashindano ya namna hii yaitwayo Tough Guy yalianza mwaka 1987. Mwaka 2010 huko Marekani yakazaliwa mengine yaitwayo Tough Mudder, nayo yakaenea katika nchi nyingi. Hata Abu Dhabi, nchi ya mchanga, mwaka 2021 ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya kampuni iitwayo Spartan.

Mambo mawili katika habari hizi yalinigusa. La kwanza ni kwamba washiriki wa Tough Mudder huhimizwa watangulize kusaidiana kuliko kuwahi. Aliyefika juu ya ukuta humgeukia aliye chini akampa mkono, hata kama hamjui. La pili ni kwamba waandalizi waliweka njia fupi kwa ajili ya watoto, kiasi cha maili moja, na wazazi wakaanza kuwafuata watoto wao ndani ya tope. Watu wanaokaa miji ya vioo na lami, ambao tope kwao ni kitu cha kukimbiwa, wanatoa fedha ili wachafuke pamoja na watoto wao. Haifai kuwacheka. Afadhali tujiulize ni kitu gani walichokikosa hata wakawa tayari kukinunua.

Tope letu

Sisi wa visiwa vya Lamu Mwenyezi Mungu ametupa tope bila ya malipo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu, imezunguka Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu kama ukindu ulivyozunguka mkeka. Palipo na mikoko pana tope, na wazee wetu walilijua tope hilo kwa majina ya miti yake: mkoko wenye mizizi kama miguu ya pweza, mchu unaotoa vichomozo ardhini kama vidole, mkandaa, muia na mkomafi. Waliijua miti kwa unene wake pia, toka fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, zikaezeka nyumba za watu ambao hawajapata kuuona mti wenyewe.

Kazi ya kukata boriti ilikuwa shule. Mtoto wa kiume alikwenda na babake au amu yake, akajifunza kutia mguu palipo na mzizi, kusoma rangi ya tope, kujua ni saa ngapi maji yatarudi. Hakuna aliyeandika masomo hayo ubaoni. Mtoto alifuata nyayo za mtu mzima, na nyayo hizo zilikuwa mbele yake hatua mbili tu. Siku hizi wakataji ni wachache, Serikali imeweka masharti ya kuuhifadhi msitu, nalo ni jambo la heri. Lakini katika kupungua kwa kazi ile umepungua pia ule mwendo wa mkubwa na mdogo katika njia moja.

Na asiyeijua kadiri ya maji na tope la visiwa hivi, historia imeandika khabari yake. Mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa walipokuja kuipiga Amu, yalishindwa katika vita vya Shela. Walipokimbilia vyombo vyao waliyakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa kitako. Kabla ya upanga kumaliza kazi, maji yalikwisha kuianza.

Mashindano nayo si mageni kwetu. Siku za Maulidi na siku za sherehe za utamaduni, mji mzima hushuka pwani kutazama mbio za punda, mashindano ya mashua na ya kuogelea. Haya ni mambo mema, yanapendeza, na Mungu ayadumishe. Hata hivyo, msomaji atazame vizuri siku hiyo aone nani yuko wapi. Kijana yuko juu ya punda, babake yuko ukutani anatazama. Kijana yuko majini, babake yuko kivulini. Mashindano ambayo mzazi na mtoto wamefungwa kamba moja, akianguka huyu huanguka na yule, hayo ndiyo hatuna.

Mafunzo ya Mtume juu ya vumbi, tope na mbio

Pengine mtu atasema: je, yafaa mtu mwenye ndevu za mvi, anayeheshimiwa msikitini, aonekane ametapakaa tope? Jawabu litoke kwa aliye bora kuliko sisi sote.

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, Waislamu walipochimba handaki kuuzunguka upande wa Madina uliokuwa wazi, Mtume (S.A.W.) hakukaa hemani akiamrisha. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa al-Baraa bin Aazib kwamba alimwona akibeba udongo pamoja na watu mpaka vumbi likaifunika ngozi ya tumbo lake tukufu. Vilevile imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba usiku mmoja wa kumi la mwisho la Ramadhani mvua ilinyesha, paa la msikiti likavuja, na Mtume akasujudu katika maji na tope. Asubuhi watu wakaiona alama ya tope katika paji la uso wake. Tope halikumpunguzia Mtume heshima yake, nasi ni kina nani hata litupunguzie yetu?

Ama mbio, alishindana na mkewe Bibi Aisha (R.A.) safarini, Bibi Aisha akamshinda. Baada ya muda wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Imepokewa na Abu Daud. Katika Musnad ya Imam Ahmad imetajwa, ingawa wanazuoni wana maneno juu ya isnadi yake, kwamba aliwapanga safu watoto wa ami yake Abbas, akawaahidi zawadi kwa atakayemfikia kwanza. Wakaja mbio wakamwangukia kifuani na mgongoni, naye akiwabusu na kuwakumbatia. Mkimbiliwa hapo alikuwa ni yeye mwenyewe. Watoto hawakutumwa kukimbilia mti wala ukuta.

Lipo funzo jingine katika hadithi ya mbio za farasi iliyomo katika Bukhari. Farasi waliokwisha kutayarishwa walikimbizwa toka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wale wasiotayarishwa walikimbizwa toka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa maili moja hivi. Kila mmoja aliwekewa masafa kwa kadiri yake. Atakayewapangia watoto njia ya tope na aikumbuke hadithi hii kabla hajampeleka mtoto wa miaka saba mahali pa kijana wa miaka kumi na tano.

Siku ya mkondoni

Sasa niwasimulie yaliyotokea, kwa sababu mengine hayaelezeki kwa dalili peke yake.

Tulikuwa wazazi wanne wa mtaa mmoja na watoto saba. Tulichagua mkondo wa mikoko upande wa Matondoni, mbali na mitaro ya mji, tukapima njia ya kama robo maili. Vikwazo vyetu havikununuliwa. Palikuwa na jarife kuukuu lililotandazwa juu ya vijiti, ambalo mtu alipaswa kupita chini yake kwa tumbo. Palikuwa na boriti moja ya kuvukia kwa mizani, magunia mawili ya mchanga ya kubebwa na watu wawili wawili, na ubavu wa mashua mbovu iliyopandishwa pwani. Baada ya hapo palikuwa na tope tupu lenye kina cha magoti, na mwisho mkondo wa maji wenye kufika kifua cha mtoto. Sharti lilikuwa moja: kila mzazi na mwanawe washikane kwa kipande cha kamba ya nazi kisichozidi pima moja, na asihesabiwe kufika ila walipofika wote wawili.

Mwanangu wa mwisho ana miaka kumi. Ni mpole, amehifadhi juzuu mbili, na maneno yake ni ya kuhesabika. Nyavuni alinitangulia, kwa kuwa yeye ni mwembamba na mimi mwili umenizidi. Kwenye gunia nilimtangulia mimi. Tulipofika katika tope la magoti, mguu wangu wa kulia ukazama, nami nikaukaza ili niuchomoe, ukazama zaidi. Wale wenzetu watatu walikuwa mbele wakicheka, na kicheko cha rafiki ni halali. Mwanangu akarudi kwa urefu wa kamba, akanitazama, akasema kwa sauti ya mtu anayesomesha:

"Baba, usishindane nalo. Lala."

Nikamwuliza nilale vipi. Akanionyesha: akainamisha kifua mbele, akatandaza mikono juu ya tope kama mtu anayeelea, akautikisa unyayo kulia na kushoto mpaka maji yalipoingia kando yake, kisha akatoa kisigino kwanza. Elimu hiyo aliipata kwa wenzake wakiokota tondo. Nikafanya kama alivyofanya, nikatoka. Kwa miaka mingi nimekaa mbele ya watoto na kuwaambia fanyeni hivi; siku ile mtoto aliniambia fanya hivi, nami nikamtii. Niliona uso wake ulivyobadilika. Hakujivuna. Alinyanyuka tu kidogo, kama mti uliopata maji.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Tulipofika mkondoni akasimama. Wale wengine walikuwa wamekwisha kuvuka. Akaikusanya kamba mkononi mpaka ikawa fupi, akasema kwa chini sana: "Baba, usiniwate hapa." Kisha, tukiwa tumesimama maji yakitupita mapajani, akasema yaliyokuwa moyoni mwake kwa muda wa miaka miwili: kwamba huogopa maji. Kwamba mashua inapolala upande tukienda Manda au Pate, yeye hufumba macho akasoma Ayatul-Kursiy mpaka chombo kinapofunga. Kwamba wenzake wakiruka gatini yeye hushika nguo zao na kusema amepewa amana ya kuzilinda. Jambo hili halikuwa limemtoka kwa mtu yeyote, hata kwa mamake aliye msiri wake.

Mtoto wa Amu anayeogopa maji ni mtoto anayebeba siri nzito, kwani maji ndiyo barabara yetu. Sikumwambia kwamba mwanamume haogopi. Nilimwambia tuvuke kwa hesabu, hatua moja na subhanallah moja, na tukazihesabu hatua ishirini na nane. Tukafika wa mwisho. Toka siku ile, mara mbili kwa wiki baada ya sala ya alasiri, tunateremka pamoja mpaka maji ya kiunoni. Sasa anaelea chali na kupiga mikono michache. Bado hajaruka gatini, nami simharakishi.

Kwa nini mzazi aingie mwenyewe

Nimejiuliza sana kwa nini maneno yale yalitoka mkondoni wala hayakutoka nyumbani, penye utulivu na chai. Naona sababu ni kwamba nyumbani mimi ni baba niliyekaa na yeye ni mwana aliyesimama. Kule sote wawili tulikuwa tumesimama katika hatari ndogo iliyo sawa. Mtoto hufungua moyo kwa aliye ubavuni mwake kwa wepesi zaidi kuliko kwa aliye mbele yake.

Na wazazi wenzangu, haya si mambo ya burudani tu. Sote tunajua yanayowafika vijana wetu wa pwani. Tunawaona waliochukuliwa na unga na bangi, wakikaa pembeni mwa mitaa macho yakiwa mazito, na kila mmoja wao ana mama anayelia usiku. Sidai kwamba tope litaponya maradhi hayo. Mwenye kusema hivyo atakuwa muongo. Lakini waulizeni wanaofanya kazi ya kuwarejesha vijana hao, au waulizeni vijana wenyewe katika siku zao za utulivu, walianza vipi. Mara nyingi mtasikia khabari ya kijana aliyekuwa na hofu au aibu fulani, akatafuta wa kumwambia, na wa kwanza aliyemkuta akawa si mzazi wake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauchagui mtaala.

Wakati wa kuwa ubavuni mwa mtoto una mipaka. Dini imetufundisha kumwamrisha sala afikapo miaka saba, na kukaza amri hiyo afikapo kumi. Katika miaka hiyo na michache inayofuata mtoto bado hupenda kuonekana na babake njiani. Akifika kumi na tano huanza kutembea upande wa pili wa njia. Si uasi huo. Ni maumbile, kama maji yanavyojaa na kupwa. Lakini mwenye chombo hungoja maji kwa kuyajua saa zake. Habari ya Aqraa bin Habis aliyekuwa na watoto kumi na hakupata kumbusu hata mmoja, na jinsi Mtume alivyomjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi, tunaisoma kila mwaka. Tusiisome kama habari ya mtu mwingine.

Watasema wengine kwamba hawana wakati. Mvuvi arudi alfajiri amechoka, mwenye duka hafungi mpaka usiku. Ni kweli, na riziki ni faradhi. Ninaloliomba ni asubuhi mbili kwa mwezi, na tarehe zake mwezi wenyewe hututangazia.

Namna ya kuandaa

Anayetaka kujaribu na ayashike mambo haya.

Kwanza, maji. Bamvua huja mwezi uandamapo na tena uwapo mpevu, yaani mwanzo wa mwezi wetu wa Kiislamu na katikati yake. Siku hizo maji hupwa sana, na kwetu kupwa huko huangukia asubuhi, baina ya saa nne na saa tano. Ingieni maji yangali yakitoka, tokeni kabla hayajageuka. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini, basi msitegemee kumbukumbu ya juzi, mwulizeni nahodha. Nyakati za maji mafu mikondo mingine haikauki, na hizo si siku zake.

Pili, mahali. Msifanye mbio katika tope la mbele ya mji linalopokea mitaro na kinyesi cha punda. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, huko Nevada nchini Marekani, watu 22 walishikwa na maradhi ya kuharisha baada ya mbio za namna hii, na wachunguzi wakayahusisha na kumeza maji ya tope yaliyochanganyika na kinyesi cha wanyama. Chagueni mkondo unaosafishwa na bahari kila siku, na muwaambie watoto wafunge midomo wanapotambaa. Mtu mzima mmoja aipite njia yote kabla, akiwa na kijiti, atafute vigae, chupa na ndoana.

Tatu, miguu. Mizizi ya mikoko huota chaza wenye makali ya wembe. Mtoto avae viatu vya raba vilivyofungwa kamba, si patipati. Katika maji ya mkondo miguu iburuzwe, isinyanyuliwe, ili taa aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka kabla hajakanyagwa. Aliyekatwa aoshwe kwa maji safi na sabuni, na mzazi ahakikishe chanjo za mtoto za pepopunda zimetimia. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, kwani jua la pwani halimwonei huruma mgeni wala mwenyeji.

Nne, sheria. Stara ihifadhiwe, suruali ndefu nyepesi ni bora kuliko kikoi kinachofunguka. Watoto wa kike wana haki hii kama ndugu zao, nao wawe na siku yao au mkondo wao pamoja na mama zao na shangazi zao. Msikusanye fedha za washindani ili achukue mshindi, kwani hiyo ni kamari hata kama jina lake ni mchango. Zawadi anayompa mzazi mwanawe kwa furaha ni hiba, haina tatizo. Ama tope lenyewe, asili yake ni tohara, na katika madhehebu yetu ya Shafi maji yaliyobadilika kwa udongo tu hubaki kuwa tohara na yenye kutohirisha. Lakini tope lililoganda juu ya ngozi au chini ya kucha huzuia maji kufika, basi liondolewe kabla ya udhu. Malizeni mapema ili adhuhuri iwakute msikitini, wala isiwakute mkisuguana kisimani.

Tano, na hili ndilo kubwa: msimlinganishe mtoto na mwenzake. Anayelia atolewe kwa upole na asitajwe jioni barazani. Asiyetaka kuingia leo awekwe ukingoni ashike kamba za wenzake, mpaka siku yake ifike. Mtume aliirefusha sijda kwa ajili ya mjukuu wake aliyempanda mgongoni, akachukia kumharakisha mpaka atimize haja yake. Kama sala ya jamaa ilimngoja mtoto, mbio zetu zitashindwaje kumngoja?

Sitaki kuwasahau watoto wasio na baba, na wale ambao baba zao wako safarini Ghuba au Mombasa. Mtume mwenyewe alikuwa yatima, akashikwa mkono na babu yake kisha na ami yake. Kila mmoja wetu anayekwenda mkondoni na mwanawe na atazame nyumba ya jirani, kama yuko mtoto anayetazama dirishani. Kamba ya pima moja ina ncha mbili, na ya pili kati ya hizo yaweza kushikwa na mjomba, amu, mwalimu wa chuoni au jirani mwema.

Mwezi ujao ukiandama, wale wazazi wanne tutarudi kwenye mkondo uleule, inshaallah, na safari hii tumeazimia kila mtoto achomeke chipukizi la mkoko mwisho wa njia yake, ili arudi mwaka kwa mwaka kuliona lilivyokua. Atakayependa kufuatana nasi na atuulize baada ya sala ya Ijumaa.

Ewe Mola, wafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, wape nguvu za mwili na za imani, uwaepushe na kila chenye kuwapoteza. Nasi utujaalie tuwe karibu nao udongo ungali maji. Amin. Wabillahi tawfiq.